Usimtupe, Ana Watoto Mdomoni

Mdogo wangu wa Tabata, barua yako nimeitoa kwenye foleni na kuijibu mbele ya nyingine zote, maana nikichelewa wiki moja nitakuwa nimekujibu bure. Unasema samaki wako wa manjano amevimba chini ya kidevu, na leo ni siku ya tano hajala. Ukimwaga chakula, wenzake wanakimbilia juu, yeye anarudi nyuma kwenye mawe. Mdomo unachezacheza kama anatafuna kitu asichokimeza. Jirani amekwambia huo ni ugonjwa, umtoe umtupe kabla hajawaambukiza wengine.

Usimtupe. Ana watoto mdomoni.

Hakikisha mwenyewe kwanza, kwa macho tu, bila kumgusa. Samaki mgonjwa huvimba tumboni, hujitenga akihema mbiombio, na kinyesi chake huwa cheupe, kirefu kama uzi. Huyu wako uvimbe uko kooni, tumbo limebonyea, na bado ana nguvu ya kumfukuza mwenzake akimkaribia. Ukimtazama kwa mbele, akifungua mdomo kidogo, unaweza kuona vipunje vya rangi ya njano iliyoiva vikizungushwa humo ndani. Hayo ni mayai. Anayageuza ili kila moja lipate maji yenye hewa.

Kwa picha uliyonitumia, samaki wako ni wa Ziwa Nyasa. Kitaalamu anaitwa Labidochromis caeruleus, na ni wa kundi la samaki wa miambani liitwalo mbuna. Jina hilo ni la Watonga wa upande wa Malawi, na leo mfugaji wa Ujerumani au Marekani naye anasema mbuna, hana neno jingine. Caeruleus kwa Kilatini ni buluu. Aliyemwelezea mara ya kwanza mwaka 1956 alikuwa na wale weupe wenye kuelekea buluu. Hawa wa manjano walijulikana baadaye, wakapendwa, wakasambaa duniani kwenye matangi ya kioo. Nakueleza haya ili ujue umefuga nani. Ukienda Mbamba Bay, ukatazama yale mawe makubwa yaliyozama kando ya maji, ndipo ukoo wa mbuna ulipo. Kila utakalofanya nyumbani kwako lianzie hapo: maji yao, mawe yao, na ukali wao wa kugombea mawe hayo.

Madume wengi wa ukoo huu wana vidoa kwenye pezi la chini karibu na mkia, vya umbo na rangi ya yai. Jike akitaga hugeuka papo hapo akaliokota yai lake mdomoni, kisha akataga jingine, akaokota tena. Halafu humfuata dume na kuvidonoa vile vidoa, kana kwamba kuna mayai aliyoyasahau. Hapo ndipo dume hutoa mbegu, na mayai yanarutubishwa mdomoni mwa mama. Baada ya hapo dume hana kazi tena. Mama anafunga kula wiki tatu, pengine zaidi kidogo, mpaka watoto wamemaliza kiini cha yai na wanaweza kuogelea. Watakaotoka si mayai tena, ni samaki kamili wa kama sentimita moja, wa manjano hafifu, wenye macho makubwa. Kwa kawaida huwa kumi hadi ishirini na kitu. Mzazi wa mara ya kwanza anaweza kuwa na watano tu, au akawameza wote akaanza kula kama hakuna lililotokea. Ikitokea hivyo usimchukie. Atajaribu tena baada ya wiki kadhaa.

Mimi wa kwangu wa kwanza nilimtoa siku ya tisa. Nilitaka kuona. Nikamkimbiza na wavu tangi zima, nikamwinua, akatema yote kwenye wavu: mayai kumi na nne, kila moja limeshaota vidoa viwili vyeusi vya macho. Nilikaa sakafuni nikiyatazama. Ni miaka mingi sasa, na ndiyo sababu nakuandikia kwa haraka hivi.

Kwa hiyo leo usifanye chochote. Andika tarehe aliyoacha kula kwenye karatasi, ubandike ukutani. Usihamishe mawe yaliyopo, usiwaite watoto wa jirani kugonga kioo. Kama dume anamsumbua, ongeza mawe upande wa mbali na dume, polepole, ili mama apate tundu la kuingia. Mawe yakae juu ya kioo cha chini chenyewe au kwenye kipande cha plastiki, mchanga uje baadaye, kwa sababu samaki hawa huchimba, na jiwe lililosimama juu ya mchanga huanguka.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kumwacha azalie hapohapo. Wachache watajificha kwenye nyufa wakapona, wengi wataliwa. Ya pili ni kumhamisha karibu na siku ya kumi na nane, uvimbe ukiwa umeongezeka na pengine ukiviona vijicho humo mdomoni. Fanya usiku, taa zikiwa zimezimwa nusu saa nzima. Tumia kopo au bakuli la plastiki, mwingize humo na maji yake, usimkaushe kwenye wavu. Tangi dogo la lita thelathini au arobaini linatosha, lijae maji yaliyotoka kwenye tangi lake, liwe na chungu kidogo kilichovunjika ubavuni cha kujifichia, na sponji ya kuchuja ambayo tayari ilikuwa inafanya kazi kwenye tangi kubwa. Chujio lenye nguvu livishe kipande cha soksi ndefu ya kike mdomoni, lisije likawanyonya watoto. Akishawatema, mpe mama siku mbili tatu za kula peke yake kabla hajarudi kwa wenzake. Atakuwa amekonda sana, na wenzake hawana huruma na aliyekonda.

Vifaranga wape chakula cha samaki cha vipande ukisage kati ya vidole kiwe unga, kidogo sana, mara tatu au nne kwa siku. Watu watakwambia kiini cha yai la kuchemsha. Kinaliwa, ndiyo, lakini kinachafua maji upesi kuliko chochote ninachokijua, na katika tangi dogo hiyo ni hatari. Wakubwa wape pia mchicha uliochemshwa na kukatwa vipande vidogo. Usiwape mkate, chapati wala ugali. Na nyama za ng'ombe, hata chembe, hapana: mafuta yake huwavimbisha matumbo mbuna, na huo ndio ugonjwa wenyewe ambao jirani yako alidhani ameuona.

Sasa tuje kwa wale sita waliokufa Februari, maana uliwataja kwa mstari mmoja tu kana kwamba unaona haya. Pole, mdogo wangu. Muuzaji alikwambia ujaze maji asubuhi, jioni uwatie samaki, na kila Jumapili umwage maji yote, usugue mawe na chujio kwa sabuni. Ulifanya kila alichosema, kwa hiyo usijilaumu kwa uzembe. Maelekezo ndiyo yaliyowaua.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, kila saa, usiku na mchana. Ziwani inapotelea kwenye maji yasiyo na mwisho, lakini kwenye tangi lako la lita themanini haina pa kwenda. Inawachoma matamvua mpaka wanakuja juu kuhema, na katika maji ya aina wanayopenda mbuna, yenye chokaa nyingi, sumu yake huwa kali zaidi. Kinachowaokoa ni bakteria. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, kundi jingine hugeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka uipunguze kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawauzwi pamoja na kioo. Wanaota wenyewe kwenye sponji, kwenye mawe na mchangani, na huchukua wiki nne hadi sita kuenea. Tangi jipya liendeshe muda huo bila samaki, chujio likizunguka, ukitia chembe ya chakula kila siku ili kioze na kuwalisha bakteria. Ukipata sponji iliyotumika kutoka kwa mtu mwenye tangi lenye afya, muda utapungua sana. Vipo vipimo vya matone vya amonia na nitraiti. Nunua hivyo kabla ya kununua samaki wa pili. Vyote viwili vikisoma sifuri siku kadhaa mfululizo ilhali chakula kinaoza mle, tangi lako limeiva.

Na ukisugua sponji kwa sabuni na maji ya bomba, umeua kundi zima la bakteria kwa dakika mbili, unarudi siku ya kwanza ukiwa na samaki ndani. Ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, basi. Kila wiki punguza robo ya maji, si yote, urudishe maji yaliyokaa wazi kwenye ndoo siku nzima na usiku wake ili klorini itoke.

Umeniuliza kama maji ya kisima chenu yanafaa. Osha mikono kwa sabuni. Maji ambayo sabuni inakawia kutoa povu yana madini mengi, na mbuna wanayataka hayo. Maji ya mvua yanatoa povu upesi, na peke yake hayawafai. Lakini uyaonje pia: visima vingi vya Dar vina chumvi, na madini si sawa na chumvi. Ukisikia chumvi mdomoni, rudi kwenye bomba. Maji yakiwa laini mno, weka makombe ya pwani yaliyochemshwa na kusuguliwa. Yanayeyuka kidogokidogo na kuachia chokaa.

Joto nalo. Hawa wanapenda nyuzi 24 hadi 27. Chumba chako Januari kinazidi hapo, kwa hiyo tangi lisikae dirishani, na mchana uelekeze feni ipulize juu ya maji. Barafu usitie, mshtuko wake ni mbaya kuliko joto. Umeme ukikatika, acha kuwalisha, na kila baada ya muda chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu ili yachukue hewa. Pampu ndogo ya hewa ya betri haina bei kubwa, na usiku mmoja wa giza inalipa gharama yake.

Unataka tangi kubwa zaidi, na fundi wa vioo wa mtaani anaweza kukutengenezea. Mwambie urefu sentimita 100, upana 40, kimo 50, na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwani dawa hiyo huua samaki. Ukilijaza ni lita 200, yaani kilo 200 kabla hujahesabu kioo na mawe. Kabati la televisheni halibebi uzito huo.

La mwisho ndilo ninaloliogopa zaidi. Umesema ukipata lita hizo utaongeza wale wa rangi ya chungwa, wapendeze pamoja. Usifanye. Hao nao ni mbuna, watazaliana na wako wa manjano, na utapata watoto wasio na jina, utakaowauza kwa mwingine naye awazalishe. Kuchanganyika kwa aina hutokea hata ziwani. Kwenye Ziwa Victoria yupo samaki wa kundi la furu aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1985 na kupewa jina la Mwalimu Nyerere, Pundamilia nyererei. Ndiyo, hata hilo jina la kwanza ni Kiswahili chetu. Dume wake ana mgongo mwekundu na michirizi myeusi. Ndugu yake wa karibu ni wa rangi ya samawati, na majike huchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa machafu rangi hazionekani, majike wanakosea, aina mbili zinakuwa moja. Ziwa hilohilo lilipandikizwa sangara katika miaka ya 1950, na alipoongezeka katika miaka ya 1980 zilitoweka aina za furu ambazo wataalamu wamezikadiria kufikia 200. Baadhi ya furu leo wanatunzwa na kuzalishwa kwenye matangi ya Ulaya na Marekani, na watu ambao hawajawahi kuiona Mwanza. Inaniuma kila ninapoikumbuka. Kwa hiyo aina moja, tangi moja, dume mmoja kwa majike watatu au wanne. Na siku ukichoka, wape mfugaji mwingine. Usiwamwage mtoni hata mmoja.

Biashara inawezekana, lakini ngoja miezi mitatu minne, wafike kama sentimita tatu, wale vizuri na wawe na rangi. Mwambie mnunuzi wazazi ni nani. Na mwulize kwanza kama tangi lake limeiva. Akisema amelijaza leo asubuhi, mrudishe nyumbani mikono mitupu, mpe sponji.

Siku ya ishirini na moja toka ile uliyoandika ukutani, kaa karibu na tangi jioni. Akitema, wahesabu, uniandikie ni wangapi.