Majimoto: walinzi wa mikorosho yako

Mkulima wa Maneromango, kabla hujakopa pesa ya dawa, tazama juu ya mkorosho wako. Ukiona majani yameshonwa pamoja kama mfuko, hicho ni kiota cha majimoto, aina ya sisimizi. Usiwachome moto. Huwinda mbu wa mikorosho, yule anayefyonza machipukizi machanga mpaka yakakauka na kuwa meusi, pamoja na kunguni anayeangusha nazi changa. Viwavi nao ni kitoweo chao. Wachina wamewatumia ndugu za majimoto kulinda michungwa kwa zaidi ya miaka 1,700.

Huna majimoto shambani? Wahamishe. Kata viota jioni, wakati wengi wamerudi ndani, uvitie kwenye gunia na kuvifunga juu ya mti mpya. Hapa ndipo wengi hukosea: viota vyote vitoke kwenye koloni moja, maana koloni mbili zikikutana huuana. Malkia ni mmoja tu, naye asipokuwemo koloni hufifia, kwa hiyo chukua viota vingi kadiri uwezavyo.

Unganisha miti kwa kamba au fito ili wapite juu kwa juu. Chini wanaviziwa na sisimizi wadogo wa kahawia, maadui zao wakubwa.

Wakati wa kupogolea, jipake majivu mikononi na miguuni wasikuume. Korosho huokotwa chini, hivyo kuumwa si sababu ya kuwaua.

Na tafadhali, usipulizie dawa ya wadudu kwenye mti wenye viota: utawaua walinzi wako mwenyewe.