Mdogo wangu haoni, na sasa ananipita mbio

Shikamoo shangazi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19 na haoni kabisa. Mwaka mzima nimekuwa mwelekezi wake. Kila alfajiri tunashika kamba na kukimbia barabara ya vumbi hapa kwetu. Sasa amekuwa mwepesi kuliko mimi. Tukipanda mlima nahema, naye anapunguza mwendo ili nisiachwe. Kocha anataka nimpishe kijana mwingine aende naye mashindanoni. Naona kama napokonywa. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Uchungu wako nauelewa. Umemtazamia kila jiwe na kila shimo mwaka mzima. Kuachia kamba hiyo si jambo dogo. Lakini kocha amesema kweli.

Asiyeona kabisa hukimbia katika daraja la T11, na katika mbio nyingi macho huzibwa ili wote walingane. Mwelekezi haruhusiwi kumvuta wala kumsukuma, wala kuvuka mstari kabla yake. Kamba nayo haizidi sentimita 30. Kwa ufupi huo mikono hurushwa pamoja na hatua hufuatana, kwa hiyo mwelekezi akichoka, wamechoka wote wawili. Tena anatakiwa abaki na pumzi ya kusema: "kona hiyo", "mzunguko wa mwisho", "wa mbele yuko hatua tano". Wewe ukihema, nani atamwambia?

Mkimbiaji Mkenya Henry Wanyoike, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 baada ya kiharusi, alikimbia mita 5,000 kwenye Paralimpiki kule Sydney mwaka 2000. Mwelekezi wake aliishiwa nguvu karibu na mwisho, Wanyoike akamkokota hadi mstarini. Dhahabu aliipata, na hadi leo tunajivunia. Ila usimtakie mdogo wako ushindi wa mateso kama huo.

Usimkabidhi kijana huyo kamba siku ya mashindano. Aje alfajiri, mkimbie watatu, umwonyeshe unayoyajua wewe peke yako: mdogo wako hupinda upande gani akichoka, na sauti gani humtuliza. Mbio za polepole zibaki zako. Na akija kukimbia mita 5,000 au zaidi, kanuni zinaruhusu waelekezi wawili wapokezane.

Jambo moja limenisumbua. Barua yako yote ina kocha, ina wewe, ina kijana mgeni. Sijaona mahali mdogo wako alipoulizwa anataka kukimbia na nani. Muulize kesho alfajiri, kabla hajaingiza mkono kwenye kitanzi cha kamba.