Orodha ya bei kwenda PDF: usihesabu herufi, pima upana

Nimeulizwa sana inboksi kuhusu ile programu ndogo ya Python ninayotumia dukani kugeuza orodha ya bei kutoka Excel kwenda PDF ya kutuma WhatsApp. Kuiandika siyo ishu. Ishu ni jina la bidhaa lisipande juu ya bei. Mwezi uliopita nilipokea orodha ya muuzaji mmoja wa jumla, jina refu limemeza tarakimu ya kwanza, 12,000 inasomeka 2,000. Mteja akikukomalia na bei hiyo utafanyaje?

Wengi wanaweka sheria kwamba jina lisizidi herufi 20. Kwa Courier sawa, maana kila herufi yake ina upana uleule. Kwa Helvetica haifai. Humo upana unahesabiwa kwa sehemu ya 1000 ya saizi ya fonti: W ni 944, i ni 222 tu. Chukua Mchele na Tikiti, yote yana herufi sita. Kwa saizi 10, Mchele linakula pointi 32.23, Tikiti 20.55. Tofauti ni kama milimita 4, neno moja tu hilo!

Hesabu usipige mwenyewe, ReportLab inapima:

stringWidth("Mchele", "Helvetica", 10)

Jibu linakuja kwa pointi (pointi 72 ni inchi moja). Bei zipange kulia: chukua mwisho wa safu, toa upana wa bei, hapo ndipo unaanzia kuandika. Safu ikiishia 190, bei ya 1,200 ina upana 25.02, inaanzia 164.98. Ya 950 ina 16.68, inaanzia 173.32. Tarakimu zote za Helvetica zina upana sawa, kwa hiyo mamia yanakaa chini ya mamia.

Jina likizidi nafasi je? Kuna wanaokata herufi za mwisho mpaka litoshe. Mimi hapana. "Unga wa sembe kilo 5" na "Unga wa sembe kilo 10" ukizikata mwisho unabaki na bidhaa moja yenye bei mbili, ugomvi huo. Ongeza neno mojamoja, pima mstari mzima kila mara (nafasi kati ya maneno nayo inahesabiwa, ni 278), neno likivuka mpaka lishushe mstari wa pili.

Na upime kwa fonti ileile utakayoandikia. Mchele kwa Helvetica-Bold linafika 33.90.

Wale mnaogeuza Word kwa LibreOffice, kama kompyuta haina Calibri wekeni Carlito, imetengenezwa kwa upana uleule. Bila hiyo inaweza kuchukua fonti nyingine na mistari ikahama.

Mwenye faili linalogoma aweke picha kwenye komenti, ila afute majina ya wateja kwanza.