Imani Potofu na Hoja Potofu: Mfano wa Mumiani Mjini Mombasa

Dhana mbili huchanganywa mara kwa mara katika mijadala: imani potofu na hoja potofu. Imani potofu ni jambo linaloshikiliwa kuwa kweli ilhali si kweli. Hoja potofu ni njia mbovu ya kufikia hitimisho, hata kama hitimisho lenyewe litatokea kuwa kweli. Mgeni afikaye Mwembe Tayari, kisiwani Mombasa, akaamini kwamba sokoni mna maembe kwa sababu tu jina la mahali lataja mwembe, huenda akayapata. Imani yake itakuwa sahihi, lakini hoja yake ni mbovu, kwani jina si ushahidi wa bidhaa.

Mfano mzito zaidi ni wa mumiani. Neno hili lina asili ya Kiajemi, na lilitaja kitu cheusi cha kunata mithili ya lami kilichotumiwa kama dawa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yaeleza matumizi hayo, kisha yaongeza kwamba wapo walioshikilia kuwa mumiani ni damu ya binadamu iliyoganda. Uvumi ulipozuka kwamba mumiani inatafutwa, watu wa mjini walitoka nyumbani kwa nadra baada ya jua kutua.

Hoja iliyojificha katika imani hiyo yaweza kupangwa hivi:

(a) Damu iliyoganda ni nyeusi.
(b) Mumiani ni nyeusi.
(c) Kwa hiyo, mumiani ni damu iliyoganda.

Kasoro hudhihirika istilahi zikibadilishwa: mwembe una majani ya kijani, mkorosho una majani ya kijani, kwa hiyo, mkorosho ni mwembe. Hakuna muuza matunda wa Mwembe Tayari atakayekubali hitimisho hilo. Vitu viwili kuwa na sifa moja hakuvifanyi kuwa kitu kimoja.

Kasoro ya pili ni ya hoja kujikinga dhidi ya ushahidi. Anayeuliza ni nani aliyeshuhudia aweza kujibiwa kwamba walioshuhudia hawakurejea. Hivyo, ukosefu wa shahidi hugeuzwa kuwa ushahidi.

Madhara yake si ya darasani tu. Mnamo Juni 1947, gazeti la East African Standard liliripoti kwamba umati ulishambulia kituo cha zimamoto cha Mombasa kwa sababu ya uvumi wa wanyonya damu. Hata hivyo, haifai kuwadharau walioamini. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, ameonyesha jinsi masimulizi hayo yalivyobeba hofu za watu chini ya utawala wa kikoloni. Hofu yaweza kuwa na chanzo cha kweli, na mshukiwa akawa hana hatia.

Muundo uo huo wa hoja umewaangamiza wazee katika Kaunti ya Kilifi: wachawi husemwa kuwa ni wazee wenye mvi, fulani ni mzee mwenye mvi, basi fulani ni mchawi. Baadhi ya walionusurika wamepata hifadhi Kaya Godoma, eneo la Ganze. Kwa mintarafu hii, mwanafunzi wa lugha anapokutana na neno "basi" au "kwa hiyo", hana budi kuuliza iwapo yaliyotangulia yanalistahilisha, hasa pale uhai wa mtu unapolitegemea.