Wazikaji Ndani ya Mwili

Acha ndizi mbivu mezani siku mbili tu hapa Kiseke. Inzi wadogo wenye macho mekundu watakuja. Wewe unawapunga kwa kanga, lakini wataalamu wanawafuga kwenye chupa, mwaka wa mia na zaidi sasa. Inzi hawa asili yao ni Afrika kwetu. Wanazaana upesi, na mambo mengi ya miili yao yanafanana na yetu.

Mwili umejengwa kwa chembe hai, ndogo mno, hazionekani kwa macho. Kila siku nyingine hufa. Nani anazizika? Zipo chembe-walinzi. Hizi hutembea mwilini, na zikikuta maiti huimeza.

Sasa fikiri habari ya msiba. Akifa mtu mmoja, vijana wachache wanatosha kuchimba kaburi. Mtumbwi ukizama ziwani wakafa watu kumi, mwenyekiti huita vijana wa vitongoji vyote. Na mwilini nani anaita?

Huita jeni. Jeni ni agizo tulilorithi kwa baba na mama, nalo huiambia chembe kazi yake. Mwaka 1999 Nathalie Franc na wenzake walieleza jeni moja ya inzi hawa. Inaitwa croquemort, neno la Kifaransa, maana yake mzika maiti. Inzi walioikosa, chembe-walinzi zao ziliweza kula bakteria, lakini maiti zilibaki hapohapo. Tena waliona kwamba maiti zikizidi, jeni hiyo nayo huzidi kufanya kazi. Ajabu kweli!

Sisi watu tuna bandama, upande wa kushoto chini ya mbavu. Humo chembe nyekundu za damu zilizozeeka humezwa, baada ya kuishi siku 120 hivi. Lakini yuko mtoto mwenye selimundu, wengi husema sikoseli. Yeye amerithi jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama. Chembe zake nyekundu hujikunja kama mundu, zinakufa baada ya siku 10 hadi 20. Wazikaji wanaelemewa. Damu inapungua, na mabaki ya chembe zilizovunjika hufanya macho yawe ya njano.

Ugonjwa huu ni mwingi Kanda ya Ziwa. Nimesikia watu wakisema mtoto karogwa, au mama ana mkosi. Si kweli hata kidogo. Baba naye katoa nusu yake. Wazazi wote wawili wakiwa wazima lakini kila mmoja amebeba jeni hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa.

Jambo la kuogopa ni hili. Bandama inaweza kunasa damu nyingi kwa ghafla. Tumbo huvimba upande wa kushoto, mtoto anapauka, analegea. Anaweza kufa siku hiyohiyo. Kwa hiyo mama, na baba pia, mwombeni mganga wa kliniki awaonyeshe namna ya kupapasa bandama. Ukiona imekua kuliko jana, nenda hospitali saa hiyo, hata kama ni usiku. Bugando, pale Mwanza, ipo kliniki ya selimundu.

Maswali ya kujadiliana
1. Bandama iko upande gani? Mwonyeshe mwenzako.
2. Kwa nini macho ya mtoto huwa ya njano?
3. Usiku, hapa kwetu, mtoto akilegea, nani ana chombo cha kumfikisha hospitali?