Kutoka Wanagenzi hadi Nyota: vidokezo vya kupanda daraja kwenye mashindano ya swingi

Ukitazama mashindano ya West Coast Swing kwa mara ya kwanza, kuna jambo litakalokushangaza: watu wanaingia ukumbini bila kujua watacheza na nani wala watapigiwa wimbo gani. Mwenza unapewa kwa bahati nasibu, wimbo anauchagua dijei, na dakika moja na nusu baadaye majaji wameshaandika yao. Shindano la namna hii linaitwa Jack and Jill, na sifa ya kulibuni hupewa Jack Carey, mcheza dansi wa California wa miaka ya 1950.

Dansi yenyewe ni mjukuu wa Lindy Hop, iliyochezwa na Wamarekani Weusi wa Harlem kwenye ukumbi wa Savoy uliofunguliwa mwaka 1926. Wachezaji kama Dean Collins waliipeleka Los Angeles, huko ikalainika na kunyooka, na mwaka 1988 California ikaitangaza kuwa dansi rasmi ya jimbo. Leo inachezwa Paris, London, Seoul na kwingineko, na video zake huenda umeshakutana nazo kwenye simu. Ikiwa unaishi Ulaya au Amerika ya Kaskazini na miguu imeanza kukuwasha, haya ndiyo mambo ya kujua kabla hujalipa kiingilio.

1. Zijue ngazi

Daftari la pointi linatunzwa na World Swing Dance Council, baraza lililoanzishwa na Skippy Blair na Annie Hirsch. Kwenye fomu utaona majina sita: Newcomer, Novice, Intermediate, Advanced, All-Star na Champion. Hapa tuyaite Wageni, Wanagenzi, Kati, Juu, Nyota na Mabingwa. Ukifikisha pointi 16 kwa Wanagenzi, unaruhusiwa kuingia Kati. Ukikusanya 30 Kati, mlango wa Juu unafunguka. Juu unahitaji 45 ili uitwe Nyota.

Kumbuka kwamba pointi hazihami na mwenyewe. Ulizozipata kwa Wanagenzi zinabaki huko huko, na ukifika Kati unaanza na sufuri kama kila mtu. Ndiyo maana wapo waliovuka ngazi ya kwanza kwa mwaka mmoja, kisha wakakaa kwenye ya pili hadi majirani wakadhani wamehamia.

2. Usijifiche kwa Wageni

Daraja la Wageni lipo kwa ajili ya kumtoa mtu woga, na pointi zake hazikupunguzii deni la Wanagenzi. Cheza hapo mara moja au mbili, uizoee namba ya mgongoni na macho ya watu, kisha ondoka.

3. Hesabu vichwa kabla ya kukata tiketi

Idadi ya pointi inategemea mmejitokeza wangapi, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwenye shindano lenye washindani wachache kabisa, mshindi wa kwanza huondoka na pointi 3. Kwenye kundi kubwa kuliko yote, lenye watu mia na ushee upande wako, wa kuongoza au wa kufuata, wa kwanza huchukua 25. Fanya hesabu mwenyewe: ukishinda mashindano madogo matano mfululizo una 15, na lango la Kati bado limefungwa. Ukishinda moja kubwa, umevuka siku hiyo hiyo.

Ni kweli kwamba kushinda kundi la watu mia si kazi ya mchana mmoja. Lakini kwenye mashindano makubwa hata waliofika fainali bila kuingia tano bora huambulia pointi moja au mbili, na hizo zinajumlishwa. Rai yangu ni hii: mashindano madogo ya karibu na nyumbani yawe ya kukomaza mishipa, na akiba ya nauli iwekwe kwa ajili ya mawili matatu makubwa kwa mwaka. Anayekimbilia vishindano vidogo kila wikendi humaliza fedha kabla ya kumaliza ngazi.

Angalia pia kwamba wanaoongoza huhesabiwa peke yao na wanaofuata peke yao. Ukumbi ule ule, siku ile ile, upande mmoja unaweza kuwa na watu wengi na pointi nyingi kuliko upande wa pili.

4. Si kila kombe lina pointi

Pointi za kupanda daraja hutoka kwenye Jack and Jill pekee, tena kwenye matukio yaliyosajiliwa na baraza. Shindano unaloingia na mwenza uliyemchagua mwenyewe halikupandishi. Maonyesho yaliyofanyiwa mazoezi kwa miezi, yenye mavazi ya kumetameta na miruko ya kutisha, nayo hayakupandishi, ingawa ndiyo yanayojaza viti kwenye US Open Swing Dance Championships tangu mwaka 1983. Benji Schwimmer, aliyetokea kwenye swingi hii hii na kushinda shindano la televisheni la So You Think You Can Dance mwaka 2006, alijulikana na mamilioni kwa dansi ya jukwaani. Wewe kwanza tafuta zako 16.

5. Kwenye mchujo, msingi ndio unaokuvusha

Hiki ndicho kidokezo ambacho ningekipigia mstari mwekundu. Kwenye mchujo jaji hakupi alama kama mwalimu wa insha. Anakuandikia Ndiyo, Akiba au Hapana. Ndiyo ina thamani ya 10. Akiba ziko tatu, zenye 4.5, 4.3 na 4.2. Hapana ni sufuri. Tena Ndiyo zina kikomo, maana nafasi za raundi inayofuata zinahesabika, kwa hiyo jaji akizimaliza zimekwisha, hata kama ukumbi umejaa watu wazuri.

Sasa fikiria mahali alipo yule jaji. Mbele yake kuna safu ya watu, wimbo unakwenda, na kila mmoja wenu ana sekunde chache za macho yake. Anatafuta mambo matatu: kwenda na mapigo, ufundi wa mwili, na ushirikiano na mwenza. Kwa Wanagenzi, mapigo ndiyo yanayotangulia. Ukikosa mapigo umekatwa, hata uwe na mbwembwe za aina gani.

Hatua ya msingi ya hesabu sita ina hatua mbili za kutembea, kisha hatua tatu za haraka, kisha tatu nyingine. Hizo tatu za mwisho huitwa nanga. Hapo kila mmoja anatulia mwisho wa njia yake na kujiegemeza nyuma kidogo, mikono ikakaza kama kamba ya mashua iliyofungwa gatini. Mwanagenzi mwenye haraka hukatisha nanga na kurukia hesabu ya moja kabla ya sita kuisha. Anadhani anaonekana mchangamfu, kumbe jaji ameshahamishia macho kwa mwingine. Anayetulia kwenye nanga huonekana mkubwa kuliko daraja lake, na hiyo ni siri isiyolipiwa hata senti.

Kitu kingine ni njia. Swingi hii huchezwa kwenye mstari mwembamba ulionyooka: anayefuata anapita mbele na kurudi, anayeongoza anampisha. Ukianza kuzungukazunguka kama uko harusini, utawagonga wenzako na jaji atajua hujakomaa. Miondoko minne au mitano safi inatosha kwa wimbo mzima.

6. Mtendee mwenza vizuri, hata akiwa bado mchanga

Kwenye mchujo kwa kawaida utabadilishiwa wenza kama watatu, na kila mtu anapewa alama zake peke yake. Atakayekuangukia anaweza kuwa hodari, au ameanza mwezi uliopita na mikono inatoka jasho. Majaji wanalijua hilo, na wanachotazama ni utafanyaje. Ukimvuta kwa nguvu, ukakunja uso au ukaanza kumfundisha katikati ya wimbo, umejichongea mwenyewe. Ukipunguza ufundi ukamrahisishia, mkaonekana mnafurahi, wote wawili mmepanda bei.

Na tafadhali, chukua shati la pili, taulo ndogo na kitu cha kuburudisha kinywa. Kuna watu wamenyimwa tabasamu na wenza wao kwa sababu ya harufu, na tabasamu hilo lingeonekana na jaji.

7. Fainali ina hesabu yake

Ukifika fainali unapewa mwenza mwingine kwa bahati nasibu, na safari hii mnahukumiwa kama jozi. Jaji anawapanga: wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho. Kisha hutazamwa wingi wa majaji badala ya wastani. Tuseme majaji ni watano. Watatu wamewapa nafasi ya kwanza, wa nne amewapa ya 9 na wa tano ya 10. Mmeshinda, kwa sababu watatu kati ya watano ni wengi. Jozi nyingine iliyopewa nafasi ya kwanza mara mbili na ya pili mara tatu itakaa nyuma yenu, ingawa wastani wake ni mzuri zaidi.

Wapo wanaoona kuwa hiyo ni dhuluma. Mimi naona ni kinga: jaji mmoja mwenye kinyongo, au aliyekutazama sekunde uliyojikwaa, hawezi kukuzamisha peke yake.

8. Kulala ni sehemu ya mazoezi

Matukio haya hufanyika hotelini mwishoni mwa juma, na baada ya mashindano watu hucheza kwa starehe hadi alfajiri. Chukua usingizi mchana, kisha ushuke usiku. Huko ndiko mwanagenzi anakoweza kumwomba Nyota wimbo mmoja, na desturi ya dansi hii ni kwamba mara nyingi atakubali. Dakika nne mikononi mwa anayejua zitakuonyesha kosa lako haraka kuliko video mia. Wengi hawaombi kwa aibu, kisha hurudi nyumbani wakiwalaumu majaji.

9. Chagua upande, lakini usiufunge wa pili

Baraza linakuwekea hesabu mbili tofauti: ya kuongoza na ya kufuata. Mwanamume anaweza kufuata na mwanamke akaongoza, hilo limeshazoeleka. Panda kwa upande mmoja kwanza, kwa kuwa nauli haigawanyiki, ila jifunze na wa pili hata kwa kiasi. Anayeongoza aliyewahi kufuata huacha kuvuta mikono ya watu.

10. Ukiruhusiwa kupanda, panda

Kuna idadi ya pointi inayokuruhusu kupanda na nyingine, kubwa zaidi, inayokulazimisha. Kwa Wanagenzi, 16 zinaruhusu na 30 zinalazimisha. Hapo katikati wapo wanaojibanza kukusanya makombe dhidi ya wanaoanza. Kanuni zinawaruhusu, lakini heshima ya ukumbini haiwapi kitu, na miili yao inazoea kushinda kwa urahisi. Ukifika Kati utakatwa kwenye mchujo, pengine mara nyingi. Hilo limewapata hata walioko kwa Mabingwa leo.

Baada ya kila shindano karatasi za alama hubandikwa ukutani au kuwekwa mtandaoni. Zisome zote, hata zinazouma, utafute jaji aliyekuandikia Akiba, umwombe kwa adabu akuambie kilichokosekana. Na kwa kuwa baraza hurekebisha kanuni zake mara kwa mara, soma toleo la mwaka huu kabla hujaandika jina lako kwenye fomu.