Hedifoni za bei ya kati: chagua mzigo ambao hautarudi

Somo la leo ni kwa wewe unayeuza vifaa vya simu WhatsApp, Instagram au Facebook, hasa sisi wa Mwanza na huku kandokando ya ziwa ambao mzigo wetu mwingi unatoka Kariakoo. Tunaongelea hedifoni za bei ya kati. Kwenye somo hili bei ya kati ni zile unazomuuzia mteja kuanzia kama elfu 25 hadi elfu 60.

Kwa nini hizi? Za waya za elfu 5 zikifa, mteja ananunua nyingine bila maneno. Za laki mbili wanunuzi wetu ni wa kuhesabu. Hizi za katikati mteja amejikamua kuzinunua. Zikizingua atakukumbuka, na atakutaja kwenye kila grupu alilomo.

Kwa hela ya feki ya jina kubwa, unapata orijino ya jina dogo

Hili ndilo la kushika leo. Ukiona hedifoni imeandikwa JBL au Apple na bei ya jumla ni elfu 15, usijiulize mara mbili. Jina limebandikwa tu. Ukiongeza kidogo juu ya hiyo hela unapata orijino ya kampuni isiyo na sifa kubwa Ulaya lakini ipo kweli na inajulikana kwetu. Mfano ni Oraimo, ambayo ni ya Transsion, kampuni ya China yenye simu za Tecno, Itel na Infinix.

Tupige hesabu ya mfano.

Feki: umenunua 10 kwa 15,000, mtaji 150,000. Umeuza zote kwa 30,000, umepata 300,000. Nne zimerudi, umerudisha 120,000. Imebaki 180,000. Toa mtaji, faida ni 30,000, na hapo hujatoa nauli ya vifurushi.

Orijino: umenunua 10 kwa 25,000, mtaji 250,000. Umeuza kwa 35,000, umepata 350,000. Moja imerudi, umerudisha 35,000. Imebaki 315,000. Toa mtaji, faida ni 65,000.

Faida ya kila moja ilionekana ndogo, ila mwisho wa mzigo umepata zaidi ya mara mbili. Na wateja tisa wanakusifia.

Kuna upande wa sheria pia. Bidhaa bandia zinasimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Mzigo wa feki ukikamatwa, wewe ndiye uliyekutwa nao. Kusema "mimi naletewa tu" hakukurudishii mtaji.

Usidanganywe na boksi

Maandishi mengi kwenye boksi ni ya kupendezesha. Jua yapi yana maana.

20Hz hadi 20,000Hz. Hiki ni kiwango cha sauti ambacho sikio la binadamu linaweza kusikia. Karibu kila boksi limeandika hivyo, la elfu 5 na la laki 5. Hakikusaidii kuchagua.

Saa za betri. Ukiona "saa 24" kwenye zile ndogo zenye kikasha, ambazo wateja wanaziita airpods hata kama sio za Apple, ujue wamejumlisha na chaji ya kikasha. Mteja anachotaka kujua ni saa ngapi zinakaa sikioni kabla ya kurudishwa. Tafuta namba ya mAh. Upande mmja huwa na betri ndogo, mara nyingi kati ya 30 na 50 mAh. Kama upande una 40 mAh na unatumia 8 kwa saa, utakaa saa 5. Boksi linalosema saa 12 kwa chaji moja na betri ni 30 mAh, hilo linakutania.

ANC na ENC. Hapa wauzaji wengi wanawapotosha wateja bila kujua. ANC inapunguza kelele kwenye sikio la anayesikiliza. ENC inasafisha sauti yako ili unayeongea naye kwenye simu akusikie vizuri. Ukimuuzia mtu ENC ukamwambia hatasikia muungurumo wa basi, kesho anakurudishia.

IPX4, IP54. Namba ya mwisho ni ya maji. 4 inavumilia matone na jasho, 7 inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Namba ya kwanza ni ya vumbi. Ukiona X hapo, maana yake haijathibitishwa kwa vumbi. Kwa vumbi la barabara zetu wakati wa kiangazi, mteja wa bodaboda mtafutie yenye 5 mahali pa X.

Majaribio matano mzigo ukifika

Kutoka Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Hedifoni mbovu kuirudisha Kariakoo ni nauli, simu na mabishano. Kwa hiyo aina mpya agiza 3 kwanza, zijaribu siku mbili tatu, ndipo uagize 20. Na mzigo ukishuka Nyegezi au Nyamhongolo, jaribu kila moja kabla hujaipiga picha ya stetasi. Kuwa na raba zako mwenyewe za kujaribia, ili za mteja zibaki safi.

1. Simu ya barabarani. Usijaribu maiki ukiwa chumbani. Toka nje pikipiki zinapopita, mpigie mtu, mwambie akueleze anasikia nini. Hedifoni nyingi muziki zinapiga vizuri, simu zinashindwa.

2. Mfukoni. Weka simu mfuko wa nyuma wa suruali, tembea, geuka geuka. Mwili wetu umejaa maji, na maji yanazuia mawimbi ya Bluetooth. Ikikatakata hapo, kwa mteja itakatakata vilevile.

3. Kulia na kushoto. Cheza wimbo mmoja unaoujua vizuri, sauti ya katikati. Sikiliza kama pande zote zina nguvu sawa. Kisha panda hadi juu. Ikianza kukwaruza, iache. Besi kubwa isikudanganye. Sikiliza kama maneno ya mwimbaji yanasikika wazi, kwa sababu feki nyingi zinaficha ubovu kwenye besi.

4. Kuchaji. Rudisha kila upande kwenye kikasha uone taa inawaka. Funga, fungua, ziunganike zenyewe zote mbili. Upande mmoja kugoma ndiyo lalamiko namba moja utakalolipata.

5. Programu ya kampuni. Kampuni kubwa zina programu ya simu ya kuunganisha hedifoni zake. Angalia kama aina hiyo inatumia programu, halafu jaribu. Ikikataa kutambulika, tia shaka. Lakini kwa zile za jina la Apple, picha kutokea kwenye iPhone ukifungua kikasha sio ushahidi. Feki nazo zinafanya hivyo, na namba ya bidhaa huwa wanakopi kutoka kwenye orijino.

Za waya nazo zina siri. Hesabu mistari kwenye pini. Mitatu ina maiki, miwili haina. Muulize mteja anatumia simu gani kabla hujamfungia. Simu nyingi mpya hazina tundu la pini. iPhone ziliondoa tundu hilo 2016 zilipotoka iPhone 7, na kuanzia iPhone 15 ya 2023 zinatumia Type-C. Za waya za Type-C zijaribu kwenye simu mbili tatu tofauti, maana zipo zinazokubali simu hii na kukataa ile.

Mpe kila mteja ya kwake

Mwanafunzi wa SAUT kule Malimbe anataka kusikiliza na kuongea muda mrefu. Muuzie ya chaji ndefu na maiki safi. Mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba mikono yake ina kazi na simu haziishi. Ya kuvaa shingoni inamfaa kuliko vidude vidogo vya kudondoka. Dereva wa bodaboda muuzie inayotumika upande mmoja, na umwambie sikio la pili aliache wazi asikie honi. Anayesafiri Bukoba au Geita kila wiki, huyo ndiye wa ANC.

Mteja akikwambia "haina besi", usikimbilie kurudisha hela. Mwambie abadilishe raba. Kwenye boksi kuna saizi tatu, na raba isiyoziba sikio inapoteza besi yote. Malalamiko mengi yanaisha hapo.

Andika posti ya kweli

Badala ya "OG SOUND MOTO KALI", andika hivi: "Oraimo orijino. Inakaa saa 5 sikioni, kikasha kinaichaji mara 3. Maiki nimeijaribu barabarani. Jasho na matone sawa, usizame nayo. Siku 7 za kujaribu, ikisumbua nabadilisha." Weka na video ukiijaribu. Mteja wa Nansio hawezi kuja kuishika, anavuka maji kwa kivuko kuja huku. Anachonunua kwako ni maneno yako.

Hizo siku 7 kubaliana nazo kwanza na anayekuuzia jumla, na udai risiti. Muuzaji wa jumla asiyekubali kubadilisha hata moja kwenye 20, ameshakwambia anavyouamini mzigo wake.

La mwisho, mwambie mteja asipandishe sauti zaidi ya asilimia 60. Shirika la Afya Duniani linashauri hivyo. Hutapoteza mauzo kwa kumwambia, na masikio yake yakibaki mazima atarudi kununua nyingine.

Kama una aina fulani unataka kuagiza na huna uhakika, andika jina lake kwenye komenti pamoja na bei ya jumla uliyopewa. Tutapiga hesabu pamoja. Mtumie na mwenzako anayeuza vifaa vya simu.